Yoti mpya yenye sura ya zamani: mita 12 kwa ziwa Kivu, inawezekana?

Mwana_Himbi, Goma

Jambo yenu wote. Siku hizi kuna yoti zinajengwa kwa sura ya zamani, na kila nikikutana na picha yake nasimama. Ndani kila kitu ni kipya: rada, kiyoyozi, moteri isiyosikika. Nje utaapa ni chombo cha 1930. Omo, yaani pua ya boti, imesimama wima, ubavu mrefu mwembamba una madirisha ya duara, bomba la moshi liko katikati, mlingoti umelala kidogo kuelekea nyuma, na tezi, yaani nyuma ya boti, inatoka majini kwa mkunjo mmoja laini. Ziweke pembeni yake zile boti nyeupe za kona kali, zenye vioo vyeusi kama miwani ya jua, macho yanarudi yenyewe kwa ile ya kwanza. Swali langu la kwanza ni hilo: kitu gani hasa kinaleta uzuri ule? Maana nimeona pia boti za kawaida zilizobandikwa bomba la uongo na vipande vya mbao, na zinachekesha.

La pili ni la kazi. Kuna familia inataka boti ya mita 12 ya kutembeza wageni kumi kati ya Goma, kisiwa cha Idjwi na Bukavu, na wanataka sura hiyo hiyo. Mafundi wa huku wanajua mbao na wanajua chuma. Tujenge kwa kitu gani, tuweke moteri gani kwa mwinuko wetu wa mita 1,460, na itakunywa mazutu (dizeli) kiasi gani? Ama ni afadhali kuagiza iliyokwisha tengenezwa?

Mzee_wa_Mistari, Bukavu

Mdogo wangu, bomba na mbao ni nguo. Uzuri uko kwenye vipimo vya mwili.

Anza na upana. Nahlin, yoti iliyojengwa na kiwanda cha John Brown kule Clydebank, Scotland, mwaka 1930, ina urefu wa mita 91 na upana wa mita 11 tu. Urefu ni mara nane ya upana na zaidi. Yoti ya kisasa ya mita 24 mara nyingi ina upana wa mita 6, yaani mara nne. Upana huo unaletwa na vyumba: mnunuzi anataka kitanda kikubwa na sebule, mjenzi anapanua, kisha anapandisha ghorofa. Ukishafika hapo hakuna bomba litakalokuokoa. Kwa mita 12 huwezi kwenda mara nane, utaipindua. Lakini upana wa mita 3 unatosha, wakati boti za leo za urefu huo hufika mita 4. Ile mita moja njo inaamua kila kitu.

Kisha ukingo wa juu wa ubavu, toka omo mpaka tezi. Uwe upinde mmoja usiovunjika: juu kabisa mbele, chini kabisa ukiwa umepita katikati na kuelekea nyuma, halafu unyanyuke kidogo tena. Kwa chombo chako ningeweka mita 1.35 juu ya maji kwenye omo, mita 0.80 pale pa chini, na 0.90 kwenye tezi. Mafundi wengi wanavuta kamba iliyonyooka kwa sababu ni rahisi. Ukingo ulionyooka, ukiutazama ukiwa ufukweni, unaonekana umevimba katikati kama vile boti imevunjika mgongo. Dawa yake ni ufito mwembamba wa mbao usio na fundo, wa mita 13, unaopigiliwa kwa misumari midogo kwenye kila kalibu. Unarudi nyuma hatua thelathini, unachutama, unatazama, unasogeza msumari mmoja nusu sentimita, unarudi tena. Kazi hiyo ichukue siku nzima. Msiiharakishe, ndiyo inayobaki miaka yote.

Kibanda kisipande zaidi ya sentimita 90 juu ya sitaha. Mtu atasimamaje ndani? Unateremsha sakafu kati ya mataruma, yaani mbavu za boti, hupandishi dari. Vioo visizidi theluthi ya urefu wa ukuta wa kibanda, na kila kona ya dirisha iwe na mviringo wa sentimita 6 hadi 8. Mlingoti na bomba vilale pembe moja, digrii 5 hadi 8, au cha nyuma kilale kidogo zaidi kuliko cha mbele. Vikielekeana kwa juu, hata mtoto ataona kuna kasoro ingawa hatajua ni ipi.

Omo wima nayo si pambo tu. Boti inayokata maji bila kupanda juu yake ina kasi yake ya mwisho: zidisha 4.5 kwa kipeuo cha pili cha urefu wa mstari wa maji kwa mita, unapata kilomita kwa saa. Omo iliyolala inakupa mstari wa mita 10 hivi ndani ya boti ya mita 12, yaani kilomita 14.2. Omo wima inakupa mita 11.4, na kilomita 15.2. Umepata kilomita moja bure, na pua haichupi kwenye mawimbi mafupi ya ziwa.

Vitu vipya vifiche. Kwenye zile yoti kubwa unazozitamani, bomba ndilo linameza hewa ya kiyoyozi na njia za moshi, na mlingoti unabeba rada na antena. Ukiona sahani nyeupe ya satelaiti imekaa wazi juu ya paa, jua mchoraji alichoka.

Na kwa mifano usitafute mbali. Ukifika Bukavu tembea avenue Lumumba ukatazame nyumba za enzi za Costermansville, jina la zamani la Bukavu: kona za mviringo, madirisha ya duara, mistari ya mlalo inayozunguka ukuta. Wasanifu wa wakati ule walikopa sura hiyo kwenye meli. Piga picha, pima, rudisha kwenye boti.

Fundi_Nguba, Bukavu

Mimi nasema mbao na epoksi, na najua wanaosudire chuma watanishambulia.

Ngozi ya bodi, yaani mwili wa boti, ya mita 12 kwa 3 ni mita mraba 50 hivi. Bati la chuma lina kilo 7.85 kwa mita mraba kwa kila milimita ya unene. Bati la mm 4 ni kilo 1,570 kabla hujaweka taruma hata moja. La mm 5 ni karibu 1,960. Lile la mm 4 likipata moto linajikunja kati ya taruma na taruma, na ubavu mweupe unaong'aa utaonyesha kila kunjo jua likiwa chini. Kwa boti ya mizigo ya Minova hakuna anayejali. Kwa hii, sura imekufa. Kama mnalazimika kutumia chuma, chukueni mm 5, chomeeni vipande vya sentimita 5 huku mkiruka upande huu na ule ili joto lisikae mahali pamoja, na mtenge bajeti ya puti na msasa.

Kwa mbao, nyuzi za libuyu za unene wa mm 20 na upana wa mm 35 zinakupa kama mita moja ya ujazo, kilo 640 hivi ikiwa imekauka vizuri. Ongeza gundi na kitambaa cha faibaglasi, bado uko karibu nusu ya lile bati jembamba. Bodi inajengwa kichwa chini: kalibu za tripuleksi kila sentimita 45, unaweka mkuku (uti wa chini wa boti) wa mvule, halafu uzi baada ya uzi, gundi katikati, skrubu za muda kwenye kalibu ambazo zitatolewa. Ukimaliza unasawazisha kwa ubao mrefu wa msasa unaoshikwa na watu wawili, ukikata mshazari. Mashine ya duara msiiguse hapo, inachimba mashimo ambayo yataonekana rangi ikishang'aa. Nje tabaka mbili za kitambaa cha gramu 400, ndani moja ya gramu 300. Mkunjo wa tezi unatoka vizuri kwa njia hii kuliko kwa chuma, ambako unahitaji mashine ya kukunja.

Mambo yanayoharibika ni haya. Kwanza, mbao mbichi. Inayoshuka kwenye lori kutoka Beni mara nyingi bado inatoa maji, na muuzaji atakuambia imekauka. Kata kipande sentimita 30 ndani ya ncha ya ubao, kipime, kiweke kwenye tanuri la digrii 103 mpaka uzito usibadilike tena. Kilikuwa gramu 500 na sasa ni 430? Tofauti ni 70, gawa kwa 430, unapata asilimia 16. Bado. Epoksi inataka 12 au chini ya hapo. Juu yake mbao itasinyaa ndani ya ganda na viungo vitachora mistari kwenye rangi. Ubao wa mm 25 uliopangwa na vijiti katikati, chini ya paa, upepo ukipita, unahitaji kama mwaka. Nunueni mbao leo, mchoro utafuata.

Pili, kipimo cha gundi. Uwiano wa uzito na uwiano wa ujazo si sawa, na kwenye debe vimeandikwa vyote viwili. Fundi akichanganya hivyo viwili, epoksi inabaki laini milele na hakuna dawa ila kuikwangua na kuifuta kwa asetoni. Kuongeza kikaushio ili ikauke haraka ndiyo imani mbaya kuliko zote: hiyo si rangi, kila sehemu inatafuta mwenzake kwa hesabu.

Tatu, jioni za Bukavu. Unyevu ukishuka juu ya epoksi ambayo haijakomaa inatoa ngozi ya nta. Ioshe kwa maji ya vuguvugu na kisugulio kabla ya tabaka linalofuata, la sivyo rangi itabanduka kama karatasi baada ya miezi.

Mvule una mafuta, ufute kwa asetoni dakika chache kabla ya kupaka gundi. Ukifuta asubuhi na kugundisha jioni ni kama hukufuta. Pia huwa na mawe ndani, chunga meno ya msumeno. Skrubu ni bronzi au inoksi 316. Chuma cha kawaida kinatia libuyu weusi usiotoka, na shaba ya njano inapoteza zinki yake mpaka inavunjika mkononi.

Baraka ya Kivu ni kwamba hakuna mdudu wa baharini wa kutoboa mbao. Boti huku inaozeshwa na mvua kutoka juu. Kwa hiyo chunga kila tundu la sitaha: litoboe kubwa kuliko linalohitajika, lijaze epoksi, likikauka litoboe tena kwa kipimo cha boliti. Maji yakipita yasikutane na mbao.

Mekano_Birere, Goma

Papa Mistari amesema kilomita 15 kwa saa, mimi nashukia hapo. Boti hii ikiwa na uzito wa tani 7 hadi 8, kwa kilomita 13 kwa saa inataka kilowati 12 hivi kwenye shafti. Dizeli hula kama robo lita kwa kila kilowati kwa saa. Kwa hiyo lita 3 hadi 4 kwa saa, na Goma mpaka Bukavu, kilomita 100 hivi, ni saa nane kasoro na lita 30. Weka 40 kama kuna upepo wa mbele. Sasa linganisha na boti ya haraka yenye moteri mbili za nje za farasi 150 kila moja: gesi ikikanyagwa yote, kila moja inakaribia lita 50 za esanzi kwa saa. Ukijaribu kuifikisha yako kilomita 16 au 17 inaanza kupanda wimbi lake yenyewe, tezi inazama, mazutu yanaongezeka mara mbili na kasi haiongezeki.

Mwinuko. Moteri isiyo na turbo inapoteza asilimia 3 hivi kwa kila mita 300. Kwa mita 1,460 ni asilimia 14 au 15, yaani farasi 60 wa kwenye karatasi ni 51 hapa. Chukua dizeli ya silinda nne yenye turbo, farasi 60 hadi 75, na sanduku la gia la kupunguza 2.5 kwa 1, ili helisi (panga la kusukuma maji) kubwa ya inchi 20 izunguke polepole. Helisi ndogo inayozunguka haraka inafaa boti nyepesi; kwenye tani nane inachemsha maji tu.

Helisi iliyopigiwa hesabu ya baharini itakuwa nzito mno hapa. Jaribio: boti ikiwa na mzigo wake wote, maji yakiwa tulivu, gesi mpaka mwisho. Moteri iliyoandikwa mizunguko 2,800 ifike 2,800. Ikikwama 2,500 huku ikitoa moshi mweusi, pitch, yaani mlalo wa mabapa ya helisi, ni kubwa. Punguza inchi moja, itapanda kama 150, kisha pima tena. Usiseme "siendeshi gesi yote, haina neno". Moteri iliyobanwa inabanwa kwenye kila kasi, na vali ndizo zinalipa.

Kupoza. Maji ya Kivu yana chokaa nyingi. Tazama lile gamba jeupe kwenye mawe ya ufukwe. Yakipita ndani ya moteri na kupashwa joto, yanaacha gamba hilo hilo kwenye mirija. Dalili ni joto linalopanda digrii moja moja wiki kwa wiki, hakuna kinachovuja, pampu ni nzima. Watu wanabadilisha thermostati, wanabadilisha pampu, na tatizo liko ndani ya kibadilisha joto. Kinasafishwa kwa asidi ya sitriki iliyoyeyushwa kwenye maji ya vuguvugu, kisha kusuuzwa sana. Afadhali usiyaingize kabisa: weka mirija ya kupoza nje, chini ya bodi pembeni mwa mkuku, maji ya ndani yazunguke peke yake yakiwa na dawa ya kuzuia kutu.

Na hapa ndipo sura inapata faida. Ukipoza hivyo huna maji ya kutupa kwenye eksosi, kwa hiyo eksosi inakuwa kavu na lazima ipande juu. Ipande ndani ya bomba! Delphine, yoti ya mvuke ya Horace Dodge yule wa magari, iliyoundwa Marekani mwaka 1921, ina bomba kwa sababu mvuke ulilihitaji, si kwa picha. Lako litakuwa na kazi vilevile. Funika eksosi kwa pamba ya mawe na utepe wa kioo, iache sentimita 15 na mbao yoyote, weka kifuniko cha mvua juu na kizibo cha kutolea maji kwenye kiwiko cha chini. Wakisahau hicho kizibo, maji ya mvua yanashuka polepole mpaka kwenye turbo.

Anodi: baharini wanaweka zinki, kwenye maji baridi wanaweka magnesi. Kivu iko katikati, ina kama gramu moja ya chumvi kwa lita. Weka alumini. Magnesi huku inakwisha mapema na inaweza kuinua rangi karibu na shafti.

Mwana_Himbi, Goma

Aksanti sana wazee wangu. Familia imesoma na wamekubali mbao. Shida ni saa nane. Wanauliza kama bodi hiyo hiyo inaweza kufika kilomita 30 kwa saa tukiongeza moteri.

Mzee_wa_Mistari, Bukavu

Bodi hiyo hiyo, hapana. Hata ukiweka farasi 300 utachimba shimo majini.

Kuna ukoo mwingine, nao ni wa sura ya zamani pia. Hinckley ya Marekani ilitoa Picnic Boat mwaka 1994, mita 11 hivi, ya faibaglasi, inasukumwa na jeti ya maji, na sura yake inatoka kwa boti za wavuvi wa kambamti wa jimbo la Maine. Riva ya Italia, ambayo Aquarama yake ya mahogani ilitengenezwa tangu 1962 hadi 1996, ilileta baadaye Aquariva: bodi ya faibaglasi, sitaha ya mahogani. Hizo zina mbio kwa sababu chini nyuma ni bapa na mwili ni mwepesi. Lakini hazina bomba, hazina omo wima ya meli, hazina kibanda kirefu. Ukizivisha vitu hivyo zinakuwa nzito na mbio zinakwisha.

Wakitaka ukoo huo, lengo liwe tani 5 na wageni wanne, sita. Wakitaka wageni kumi, meza ya chakula na bomba, basi ni ile ya kwanza, na safari ya Bukavu iwe na kituo Idjwi. Mimi naona anayekodi chombo cha namna hii halipii kufika.

Nahodha_Ntambuka, Idjwi

Mmesifu wembamba, sasa mimi nashika breki. Mita 3 ni nyembamba, na kumi wakipanda juu ya paa kupiga picha za volkeno ya Nyiragongo mnaleta msiba. Oktoba 2024 chombo kilichotoka Minova kilipinduka kikiwa tayari kinaonekana kutoka bandari ya Kituku, Goma. Kwa hiyo hakuna ngazi ya kwenda paani. Iwekeni kwenye mchoro leo, si kwenye kibao cha onyo kesho.

Siku ya kushusha majini fanyeni jaribio la kuyumba. Boti iwe na matangi nusu na mizigo yake, kamba zimelegea, maji yametulia. Watu watatu wanasukuma ukingo mpaka iyumbe, wanaachia. Hesabu mayumbo kumi kamili, kulia kwenda kushoto na kurudi kulia ni moja, gawa muda kwa kumi. Kwa upana wa mita 3 ikitoa sekunde 3 hadi 3.5 iko sawa. Ikipita sekunde 4, kimo cha uthabiti, yaani kipimo cha uwezo wa boti kujirudisha wima, kimeshuka chini ya sentimita 35, na hicho ndicho kiwango cha chini ambacho IMO, shirika la kimataifa la usafiri wa bahari, imekiweka hata kwa boti za uvuvi. Hesabu yake: 0.8 mara upana, gawa kwa sekunde, kisha zidisha jibu kwa lenyewe. Rudieni jaribio wageni kumi wakiwa wamesimama sitahani. Wengi wanapima boti tupu na kufurahi.

Ikiwa polepole mno, toeni uzito juu kwanza: mlingoti wa alumini uliopakwa rangi ya mbao, bomba la tripuleksi jembamba, tangi la maji lishuke. Farumi, yaani uzito wa kutuliza boti, ya risasi au vyuma kwenye ngama (chini kabisa ndani ya boti) ndiyo ya mwisho, na ifungwe kwa boliti. Mawe ya kumwaga tu yanahamia upande mmoja siku ile ile unayoyahitaji.

Tena: ufukwe wa Goma ni lava, unakata. Mkuku uvalishwe bamba la inoksi au bronzi la mm 8 toka chini ya omo mpaka kisigino cha usukani, na lishikwe kwa skrubu zisizofika mbao za bodi, ili likinyofolewa lisiondoke na boti.

Mama_Vanishi, Bukavu

Wadogo zangu mmeacha kitu kinachoonekana kwanza. Vanishi ndogo iliyotunzwa inapendeza kuliko kubwa iliyopasuka. Wekeni vanishi kwenye milango, mkono wa reli, fremu za madirisha na ubao wa jina. Kuta za kibanda zipakwe rangi ya krimu. Jua letu liko karibu na ikweta na tuko juu. Vanishi ya nyumba itageuka unga mapema. Nunueni ya boti yenye kinga ya jua.

Tabaka la kwanza changanya nusu kwa nusu na kiyeyushi chake, inyonywe. La pili robo ya kiyeyushi, la tatu kidogo tu, halafu tano za vanishi tupu. Jumla nane. Kati ya tabaka msasa 240 mwanzoni, 320 mwishoni, na vumbi lifutwe kwa kitambaa chenye unyevu. Anza umande ukishakauka, maliza kabla ya saa tisa alasiri. Ikikutwa na baridi ya jioni inakuwa na ukungu mweupe usiong'aa. Lita moja inafunika mita mraba 12 kwa tabaka.

Inaanza kuharibika kwenye ncha za mbao, pale nyuzi zilipokatwa. Zile ncha zilowesheni epoksi nyembamba kabla ya vanishi. Kona zote ziviringishwe angalau mm 3, maana juu ya kona kali vanishi inakimbia na kubaki nyembamba. Kila miezi sita piga msasa mwepesi na tabaka mbili mpya. Ukingoja mpaka ibanduke utaikwangua yote, na doa jeusi chini yake litataka asidi ya oksaliki, glavu na miwani.

Transit_Barriere, Goma

Kuhusu kuagiza. Kontena la futi 40 lina mita 12.03 ndani, na mlango wake una upana wa mita 2.34. Boti ya mita 3 haiingii. Inabidi iwekwe kwenye kontena bapa lisilo na kuta, mzigo wa upana usio wa kawaida kwenye barabara yote toka Mombasa au Dar es Salaam, kwa vibali vya kila nchi, na Kivu haina mto wa kukuletea chombo kutoka baharini. Liemba, meli ya ziwa Tanganyika, nayo zamani ilipita nchi kavu: iliundwa Papenburg mwaka 1913 kwa jina la Graf von Götzen, ikafunguliwa vipande, ikafungwa kwenye maelfu ya masanduku, ikaja kwa meli na treni, ikaunganishwa Kigoma na kushushwa majini 1915.

Jengeni bodi hapa. Kontena la futi 20 lilete moteri, sanduku la gia, shafti, helisi, epoksi, kitambaa, vanishi, skrubu na madirisha ya duara. Epoksi itangazwe kama kemikali na iwe na karatasi yake ya usalama, usiifiche kati ya rangi; kontena zima linaweza kulala bandarini kwa ajili ya madebe sita. Na helisi agizeni mbili, ya pili iwe na pitch pungufu inchi moja.